Wote Wapole, Wote Wachapakazi

Jumatatu, 9 Juni 2025. Kagongwa.

Nimedharauliwa na simu. Si na mtu, na simu! Nimeiuliza swali moja la heshima: nitafutie mwanamume mpole, mchapakazi, anayekubali kuhamia Kagongwa. Kigurudumu kikaanza kuzunguka. Nikamenya karanga. Kinazunguka. Nikaenda kumfukuza mbuzi kwenye michembe yangu, viazi nilivyovikata nikavianika, nikarudi, kinazunguka tu. Mwisho ikaandika kwamba muda umekwisha. Muda wa nani? Mimi ninao.

Hilo dude la ndani ya simu kalitengeneza Nelly, mjukuu wangu, mtoto wa Ndaki. Anafanya kazi za kompyuta Kahama, pale Nyasubi, na wiki hii yuko kwangu likizo. Mimi ni mshenga tangu baba yake nambeba mgongoni. Zamani vijana wote walikaa kichwani mwangu. Kichwa kilipojaa, Nelly akanitengenezea mahali pa kuwaweka, na washenga wenzangu kutoka Ngokolo mpaka Geita wakajiunga, kila mmoja anatia wa kwake. Sasa humo mna vijana maelfu. Hata mnadani hawajai hivyo.

Haraka yangu ni Paskalina. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, nimemlea mwenyewe, ana cherehani yake hapa barabarani na wateja mpaka Isaka. Jumapili Mama Festo anamletea wageni wa posa kutoka Ushirombo. Ushirombo, mbali huko! Paskalina amenieleza bila kupepesa. Mama mkubwa, kasema, kama una mtu wa kuishi hapa hapa Kagongwa, mlete kabla ya Jumapili. Ukimkosa, namsikiliza wa Mama Festo, maana siwezi kuzeeka na sindano mdomoni.

Niandike wazi kwamba sina hofu ya kubaki peke yangu. Dawa ya magoti najipaka vizuri tu. Ni mgongo ambao mkono haufiki.

Huyo Mama Festo ni mshenga pia, jina lake Philomena. Ana kwaya, ana sare, ana sauti ya kuku aliyeona nyoka. Hataji jina la mchumba mpaka siku ya wageni. Anasema ndiyo desturi ya kwao. Mimi nasema ni uchoyo.

Jumanne, 10 Juni

Nimemkalisha Nelly chini kabla hajanywa uji. Nikamwambia anieleze kwa Kiswahili cha watu.

Akasema hivi. Kila mtu mle ndani ana safu zake nyembamba: jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali anapoishi. Halafu ana mfuko mmoja mkubwa, ambamo mshenga anatupia chochote: ukoo, tabia, miiko, ng'ombe, picha. Yeye anauita jeisoni. Mimi nauita mfuko, na mfuko niliutaka mimi, kwa sababu binadamu haenei kwenye safu. Nikamkumbusha. Akasema anakumbuka sana, Bibi, ulipiga meza.

Na kuna faharasa, akasema, kama ile ya nyuma ya kitabu. Unatafuta neno, inakutajia ukurasa. Ya mifuko anayo, kaitengeneza kwa mikono yake. Vizuri. Basi mbona haitumiki? Ndipo akanitajia adui yangu.

Ndani ya mashine kuna kitu kinaitwa mpanga njia. Ukiuliza swali, yeye kwanza anakaa anakadiria: nipite kwenye faharasa, au nianze na mtu wa kwanza nimsome kila mmoja mpaka wa mwisho? Anachagua njia anayoiona nyepesi. Na kwa maswali yangu mimi, faharasa anairuka.

Anairuka! Kazi ya mjukuu wangu! Kama mtoto anayepita mbele ya wazee bila shikamoo.

Nelly akasema si dharau. Sababu ya kwanza ni namna swali linavyoulizwa. Faharasa yake inajua kujibu swali la namna moja: je, mfuko huu una kitu fulani ndani yake? Lakini simu ilikuwa inakitoa kitu mfukoni kwanza, inakigeuzageuza, ndipo inakilinganisha. Kwa swali la namna hiyo faharasa ni bubu. Ni sawa na kumwendea mtu aliyewapanga watu kwa koo zao, ukamwuliza nani ana mwanya. Atafanyaje? Atainuka akawaangalie wote meno.

Nikamwambia arekebishe. Akarekebisha, na akakubali kwamba hilo lilikuwa kosa lake. Naliandika hapa ili likae.

Tukauliza tena. Kigurudumu. Nelly akafungua kompyuta yake, akatengeneza faharasa nyingine ndogo ya tabia peke yake, akaiamuru mashine ihesabu nani ana tabia gani. Akatazama. Akaanza kucheka, akaacha, akacheka tena. Bibi, akasema, sababu ya pili ni wewe.

Eti wote ni wapole. Wote wachapakazi. Kuanzia Ngokolo mpaka machimboni Geita hakuna mvivu, hakuna mlevi, hakuna hata anayekoroma. Sasa mpanga njia akiona neno liko kwa kila mtu, anasema faharasa ya nini, si itanielekeza kila mlango? Bora nipite mtaa wote moja kwa moja. Na Nelly anasema hapo ana haki.

Haki! Nikamwuliza kama amewahi kuona posa ambayo mtoto wa mtu hakusifiwa. Akauliza kasoro zao ziko wapi. Nikamwambia mshenga aliyelelewa haandiki kasoro. Nikampa na mfano. Mwaka jana tuko msibani, mama mmoja wa upande wa Ushirombo akaanza kuniambia, Mama Ndaki, mwanangu ana tatizo moja, huyu hataki... Nikamkata hapo hapo. Nikamwambia mama, mdomo wako ndio utakaomlaza mwanao bila mke. Nikaandika mpole, mchapakazi, mcha Mungu. Akanishukuru, wabeja, akasema, wabeja gete, na akaniletea debe la karanga.

Sasa nani ana adabu, mimi au mpanga njia?

Jumatano, 11 Juni

Nimepata dawa! Kama watu wanafanana, ni kwa sababu mifuko yao haijajaa. Basi tuijaze!

Nelly alikuwa ameshuka Kahama kuonana na wenzake. Safi. Nikawapigia washenga wote. Nikawaambia kila kijana aongezewe babu wa pande mbili, ng'ombe kwa rangi zao, alivyofaulu Komunyo ya Kwanza, picha ya nyumba, picha ya zizi, picha ya mama akicheka. Wakafurahi. Mmoja wa Geita akaingiza hotuba nzima ya kaka wa bwana harusi, na harusi yenyewe haijapatikana.

Mimi nikajaza wa kwangu. Vidole vikachoka, nikatumia ile ya kusema na simu inaandika yenyewe. Inaandika kila kitu, haichagui. Mbuzi akaja tena, nikamkemea, na kemeo likaandikwa. Sijui limeingia mfuko wa nani. Nitalitafuta siku nyingine.

Jioni nikauliza swali langu. Simu ikapata joto kama chapati.

Nelly kurudi, kashika kichwa. Akasema mfuko ukinenepa, mashine haiwezi kuuweka chumba cha mbele. Inaukata vipande inaupeleka stoo ya nyuma, mbele inaacha kijikaratasi tu. Sasa mpanga njia akija kukadiria, anatazama chumba cha mbele. Anaona kidogo, safi, anasema hapa nikipita wote sichoki. Hajui kwamba kwa kila mtu itabidi mtu akimbilie stoo, alete vipande, aviunge, afungue, asome, arudishe. Anaona sebule, haoni stoo. Kwa hiyo, Bibi, umemzidishia sababu ya kuiruka faharasa, na safari yenyewe umeifanya ndefu.

Nikamwuliza stoo kaiweka nyuma nani. Akafunga kompyuta. Hoja nimeishinda. Simu bado inazunguka.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kumpeleleza Mama Festo. Sikuwa na sababu ya kwenda, basi nikabeba ungo wangu mwenyewe, nikasema nimekuja kukurudishia ungo wako. Nilijua atakataa, tucheke, anikaribishe.

Akaupokea! Akasema, ndiyo maana nilikuwa nautafuta. Akautundika ukutani kwake. Mwizi na sare yake ya kwaya.

Nikakaa hivyo hivyo, mgeni hafukuzwi kabla ya maji. Hana simu ya maana, hana mjukuu wa Nyasubi. Akaja mama mmoja kumtafutia mwanawe mke. Akaanza vizuri: mwanangu mpole, mchapakazi. Mama Festo akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Hayo wanayo wote, mama. Nipe la kwake peke yake. Kasoro yake nini?"

Nilitaka kuinuka kwa aibu. Yule mama akainama, akasema, kwa kweli mwanangu anaongea mno. Anaongea akila, anaongea na baiskeli. Mama Festo hata hakufikiri. Akasema yuko binti Ngokolo aliyewakataa wachumba wawili kwa sababu walikuwa kimya kama vinyago. Nendeni Jumamosi. Basi! Wakaagana! Mimi maji yangu nilikuwa sijayamaliza.

Mwanamke anachagua watu kama viazi, anapapasa penye donda.

Nimemhadithia Nelly nikitegemea atamcheka. Akakaa wima. Akasema huyo Mama Festo ndiye faharasa bora aliyowahi kuisikia, maana neno lililo kwa wote halimwambii mtu aende wapi, ila lililo kwa mmoja linamfikisha mlangoni. Nimemnyima matobolwa, viazi vyangu vya kuchemsha na kukausha.

Ijumaa, 13 Juni

Kumbe kuna amri! Nelly ilimponyoka tu wakati anaosha vyombo, kwamba ipo amri ya kumkataza mpanga njia asiwasome watu wote, ashike faharasa apende asipende. Siku zote hizi ipo, na mimi nahangaika!

Nikamwambia aitoe. Akasema haifai, ni ya kujaribia tu. Nikashika kifua. Nikakumbuka presha yangu. Nikauliza kwa sauti ndogo kama mtoto wa Ndaki anataka kunizika kabla ya mavuno ya mtama. Akaitoa.

Nilikaa mbele ya simu kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Sasa mpanga njia atanitambua!

Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nelly akasema ni kama kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kuuliza nyumba ya kwanza iko wapi, unaenda, unarudi kwa mwenyekiti kuuliza ya pili, unaenda, unarudi kuuliza ya tatu, na kumbe unatakiwa uingie kila nyumba ya kitongoji. Mshenga wa Geita akapiga simu kulalamika. Kijana anayemtafutia mke alikuwa amekaa pembeni akingoja aonyeshwe binti, akachoka, akarudi shimoni kuchimba.

Amri imeondolewa. Nelly akasema umeona, Bibi, mpanga njia alikuwa anajua anachofanya. Nikamwambia hata mbwa mwizi kuna siku analinda nyumba.

Paskalina alikuja na gauni la Jumapili, analishona mwenyewe, la bluu. Limempendeza sana, nikamwambia mikono imekaa vibaya. Akanipaka dawa mgongoni. Akauliza, mama mkubwa, nikiondoka nani atakupaka? Nikamwambia hilo si swali la kumwuliza mtu aliyelala kifudifudi.

Alipaka mpaka dawa ikakauka.

Baadaye nikamwita Nelly, nikamwambia haya, sema mpango wako. Kasema tutoe kitu kimoja tu mfukoni, kile tunachokitafuta kweli, tukipe safu yake: atahamia Kagongwa, ndiyo au hapana. Kikiwa mfukoni, mashine inakisia tu wako wangapi. Kikiwa kwenye safu yake itawahesabu vizuri, na wakiwa wachache mpanga njia mwenyewe ataikimbilia faharasa. Nimekubali. Nimekubali kwa sababu Jumapili ni kesho kutwa, si kwa sababu nimeshindwa. Washenga wamepewa kazi ya kuwauliza mama za vijana wote.

Jumamosi, 14 Juni

Majibu yamefika. Mashine imehesabu. Nikauliza.

Leo jibu lilikuja haraka kabla sijashika karanga. Jibu lilikuwa: wote.

Wote ndiyo! Kanda nzima inataka kuhamia Kagongwa! Nelly kalaza kichwa mezani. Kasema, Bibi, yupo mama hata mmoja anayeweza kumjibu mshenga hapana? Nikamwambia hayupo, hao ni watu wenye adabu. Akasema basi ndiyo maana mpanga njia ameiruka faharasa tena, na hata mimi ningeiruka.

Sikuwa na muda wa kubishana. Nikafumba macho, nikabonyeza kidole. Kikamwangukia Luka wa Ngokolo. Mpole, mchapakazi. Nikapiga simu, na mchana wakafika, Luka na mama yake, mama kakaa nyuma ya mwendesha bodaboda na Luka nyuma kabisa kashika beseni.

Luka ni kijana mzuri. Hakusema neno. Alisema mama yake. Ndiyo, kuhamia wamekubali. Wote. Yeye mama, wadogo zake Luka, shangazi mmoja mgonjwa, na ng'ombe. Akazunguka uwanja wangu akiupima kwa hatua. Akauliza kama jiko langu haliwezi kusogezwa, maana hapo ndipo pangefaa zizi.

Nimewapa uji na nimewasindikiza mpaka barabarani, nikawasindikiza tena kidogo ili niwe na hakika.

Paskalina alicheka mpaka akajichoma sindano. Halafu akaanza kufungasha vitambaa vyake kwenye sanduku. Anasema ni kupanga tu. Anapanga saa hizi kwa nini?

Jumapili, 15 Juni

Wageni walifika baada ya misa. Mama Festo mbele, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Akaketi kiti cha mbele, ambacho miaka yote ni changu. Zawadi za wageni zilikuwa zimebebwa kwenye ungo. Ungo wangu! Nikashukuru kwa ungo wangu mwenyewe, mbele ya watu.

Mchumba ni mrefu, shingo imeinama kidogo. Ni fundi wa kuweka magogo machimboni Geita, yale yanayozuia shimo lisiwaangukie watu. Anaitwa Telesphori. Nyuma yake akaingia mama yake, Anisia.

Anisia akanitazama. Nikamtazama. Akasema, Mama Ndaki, hunikumbuki? Tulikuwa msibani. Nilikuletea karanga.

Nikasema karanga zilikuwa nzuri.

Basi Mama Festo akasimama. Kama kawaida yake, hakuanza na sifa. Wageni wanashangaa, yeye hajali.

"Kijana huyu kasoro yake ni moja," akasema. "Hataki kuishi Ushirombo. Amekorofishana na kaka zake kwa mipaka ya shamba, na ameapa nyumba yake ataijenga kwao mke wake."

Anisia akainama, akasema ndilo nililotaka kumwambia Mama Ndaki mwaka jana. Watu wakageuza macho kwangu. Mimi nikawatazama kuku.

Paskalina akainua uso. Siku zote hizi alikuwa anashona gauni la kuondokea.

"Hata Kagongwa?" akauliza.

"Hata Kagongwa," Telesphori akasema. "Mradi kuna mbao."

Paskalina hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nikamwambia wageni hawajanawa mikono, anangoja nini.

Nelly alikuwa ubavuni kwangu na simu. Taratibu akaandika jina Telesphori, akatafuta kwa safu ya jina, likaja papo hapo, akaniwekea chini ya macho. Alikuwa mle siku zote! Nilimwandika mwenyewe! Mfuko wake unasema: mpole, mchapakazi, mcha Mungu, toka kwenye michembe yangu shetani wewe mwenye ndevu.

Nelly akaninong'oneza kwamba hicho cha mwisho ndicho kitu pekee kinachomtenga Telesphori na wanaume wengine wote wa kanda hii. Kwamba ningeuliza nani shetani mwenye ndevu, mpanga njia angeishika faharasa bila kusita na kunifikisha kwake kwa kufumba na kufumbua. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikamfinya.

Tulikula, tulisali, Paskalina amekubali. Telesphori kabla ya kuondoka akazunguka nyuma ya jiko langu, akapiga ardhi kwa kisigino, akasema hapa nguzo zitasimama. Jiko hakuuliza lisogezwe. Ana macho.

Mbuzi wa mshenga hutolewa na nyumba ya binti. Mama Festo akaambiwa achague. Akamburuta yule wa michembe. Mbuzi hakutaka kwenda, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Jumanne, 17 Juni

Telesphori amekwisha kuchimba mashimo ya nguzo. Nayasikia magogo yake nikiwa kitandani. Paskalina amefungua sanduku, vitambaa vimerudi dukani. Jana alinipaka dawa akiwa anaimba, akasahau bega la kushoto. Nitamwambia leo. Nitamwambia na kesho. Muda upo.

Nimelitafakari jambo hili lote kwa utulivu na nimeona ushindi ni wangu. Telesphori alikuwa katika simu yangu. Mama Festo alimbeba tu mpaka mlangoni, kama bodaboda. Nimewaeleza hivyo washenga wote, na wa Geita amekubali, au simu ilikatika.

Nelly anarudi Nyasubi kesho. Ameniachia maagizo, amenikalisha chini kama mimi ndiye mjukuu. Bibi, mfuko uwe mwembamba. Bibi, unachokitafuta kila siku kipe safu yake. Bibi, andika kasoro, maana kwa sifa watu wote ni mtu mmoja. Nikamwambia nimesikia. Kweli nilisikia, masikio hayana shida.

Alipoingia kuoga nikafungua mfuko mpya. Nelly binti Ndaki. Miaka inakwenda, na hakuna anayemtafutia mume.

Nilianza kumfikiria vizuri. Anawajibu wakubwa. Anapenda mashine kuliko watu. Matobolwa yake hayaliki, hata kuku wanayaruka. Nikashika kidole juu ya simu.

Halafu nikaona aibu. Mtoto wa watu! Mtoto wangu!

Nimeandika mpole, mchapakazi, mcha Mungu. Nikaongeza babu wa pande mbili, ng'ombe kwa rangi zao, picha yake ya darasa la kwanza, na hotuba fupi niliyoisema mwenyewe mpaka betri ikawa nyekundu. Mfuko umejaa, mzuri, haufungi. Sasa nimeiuliza simu, kwa heshima kabisa, inipatie kijana mpole, mchapakazi, anayekubali kuhamia Kagongwa.

Kinazunguka.

Nimeleta karanga.